Kwa Mpwa Wangu Aliyepangwa Timu ya B

Duluth, Minnesota
Oktoba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mkaza mjomba wako anakusalimu na anasema sweta uliyoisahau kwetu wakati wa kiangazi ameshaifua na kuikunja, inakungoja.

Mama yako alinipigia simu juzi usiku akaniambia kwamba majina ya timu za hoki ya barafu yametoka na jina lako limo B1, wakati wewe ulikuwa unaitazamia AA, ngazi ya juu. Aliniambia pia kwamba umejifungia chumbani, mazoezini hutaki kwenda, na kwamba sasa unamsihi baba yako akuandikishe katika klabu ya kulipia, ile ambayo kocha wake alikufuateni pembeni mwa uwanja siku ya mchujo. Ningeweza kukupigia simu. Lakini ukiwa kwenye simu utaniitikia "sawa mjomba" kila ninaposema neno, na tukikata hakuna kitakachobaki. Barua utaisoma, utaikasirikia, halafu utairudia ukiwa peke yako.

Neno langu ni hili: usihame. Cheza B1 msimu huu, na timu ya mtaa wenu, pamoja na watoto wale wale ulioanza nao kuteleza. Sitakuambia kwamba waliokuchuja walikuonea, kwa sababu mimi sikuwepo. Huenda waliona sawa. Hata kama waliona sawa, neno langu halibadiliki.

Umeitazama filamu ya Miracle, kwa hiyo Herb Brooks unamjua kama kocha wa vijana wa Marekani waliowafunga Wasovieti mabao 4 kwa 3 katika Olimpiki ya Lake Placid, Februari 22, 1980. Mimi nataka umjue alipokuwa na miaka 22. Alikuwa kijana wa upande wa mashariki wa Saint Paul, si mbali na kwenu. Mwaka 1955 alichukua ubingwa wa jimbo akiwa na shule ya sekondari ya Johnson, kisha akachezea Chuo Kikuu cha Minnesota. Ilipoundwa timu ya taifa ya Olimpiki ya 1960 aliitwa kambini. Akafanya mazoezi yote, akavumilia safari zote. Michezo ilipokuwa karibu kuanza Squaw Valley, California, kocha alihitaji nafasi ya kuingiza mchezaji mwingine, na aliyetolewa akawa yeye. Mtu wa mwisho kabisa kuchujwa. Timu ikaenda bila yeye ikarudi na dhahabu, dhahabu ya kwanza ya Marekani katika hoki ya barafu, na yeye aliitazama kwenye televisheni akiwa nyumbani.

Wewe umeshushwa ngazi kwenye timu ya watoto wa miaka 13 na 14. Yeye alikosa dhahabu ya Olimpiki kwa hatua moja. Basi angalia alifanya nini baada ya hapo. Alirudi kwenye barafu. Alicheza Olimpiki ya 1964, akacheza ya 1968. Akawa kocha wa chuo kile kile alichosoma, akakipa ubingwa wa taifa wa vyuo mara 3, mwaka 1974, 1976 na 1979. Alipokabidhiwa timu ya Olimpiki ya 1980 alichagua vijana 20, karibu wote wakiwa bado chuoni au wametoka chuoni juzi juzi, na 12 kati yao walikuwa wa jimbo letu. Februari 9 Wasovieti waliwachapa 10 kwa 3 mjini New York, mbele ya umma. Siku 13 baadaye matokeo yakawa yale unayoyajua. Na watu wengi wanasahau kwamba mechi ile haikuwa fainali: ilibidi wacheze tena Februari 24 na Finland, wakatoka nyuma wakashinda 4 kwa 2, ndipo wakavikwa medali.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo mimi hulifikiria kuliko mabao. Kabla ya kwenda Lake Placid, Brooks naye ilimbidi amtoe mtu wa mwisho. Alikuwa Ralph Cox, mfungaji hodari kutoka Chuo Kikuu cha New Hampshire. Kocha aliyemwambia kijana yule habari hiyo alikuwa amewahi kuipokea yeye mwenyewe miaka 20 nyuma. Kwa hiyo usidhani kwamba wanaochuja wana mioyo ya mawe. Nafasi ni chache, watoto ni wengi, na daftari la kocha lina mistari yenye hesabu. Lakini linachoandika ni habari ya wiki moja ya Oktoba. Kuhusu utakavyokuwa na miaka 17 halina habari yoyote.

Hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, maana najua unachokiwaza. Unawaza kwamba asiyeingia AA akiwa na miaka 13 hataingia timu ya shule, na asiyeingia timu ya shule hataonekana na chuo. Huo mnyororo ameuchora nani? Mimi naishi kilomita chache kutoka uwanja wa UMD, Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth, na kila msimu nawaona vijana wa mwaka wa kwanza wakiingia. Wana ndevu, mwanangu. Wengi wana miaka 19, 20, hata 21. Hoki ya vyuo ya hapa Marekani ina desturi yake: mtoto akimaliza sekondari haendi moja kwa moja chuoni, bali huenda kwanza kwenye ligi za vijana kama USHL au NAHL, akakaa na familia mwenyeji katika mji asioujua, Iowa au Nebraska au Dakota Kusini, akacheza hapo mwaka mmoja au miwili au mitatu mpaka kocha wa chuo aseme sasa uko tayari. Na tangu Agosti 1, 2025, wachezaji waliopitia ligi kuu za vijana za Kanada nao wameruhusiwa kuingia vyuoni, jambo lililokuwa limekatazwa kwa miaka mingi kwa hoja kwamba wale si wa ridhaa. Ushindani umeongezeka, sitakuficha. Lakini umri wa kuingia ni ule ule wa mtu mzima. Una miaka 7 mbele yako.

Halafu zipo kanuni, na hizi umsomee baba yako kwa sauti. Kocha wa chuo cha daraja la kwanza haruhusiwi kuanza mazungumzo na mchezaji wa hoki kabla ya Januari 1 ya darasa la kumi. Ahadi ya nafasi hawezi kuitoa mpaka Agosti 1, kabla mtoto hajaanza darasa la kumi na moja. Wewe uko darasa la nane. Kutazama mechi wanaweza kutazama, kuahidi hawawezi. Kwa hiyo mtu anayemwambia mzazi kwamba msimu huu ndio wa kuonekana na vyuo, na kwamba lazima kulipa sasa, anauza kitu ambacho kanuni zenyewe hazijaruhusu kiwekwe sokoni.

Na ufadhili wa masomo, ambao nasikia umetajwa sana mezani kwenu, tuuangalie kwa macho mawili. Vyuo vya daraja la kwanza vyenye timu ya wanaume nchi nzima ni zaidi ya 60 tu. Minnesota peke yake ina wachezaji waliosajiliwa zaidi ya 50,000, wakubwa kwa wadogo. Vyuo vya daraja la tatu, ambavyo hapa jimboni viko vingi na vinacheza hoki nzuri, havitoi ufadhili kwa sababu ya michezo. Vinatoa kwa alama za darasani na kwa hali ya mzazi. Harvard, Yale, Princeton na wenzao wa Ivy League nao hawatoi kwa michezo, wala kwa alama; hutoa kwa hali ya mzazi tu. Hesabu ya aljebra unayoiacha nusu ili uwahi kupiga magongo gereji ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukulipia chuo kuliko gongo lenyewe. Sisemi hivi kukuvunja moyo kuhusu hoki. Nasema ili hoki ibaki kuwa hoki, isigeuzwe mkopo ambao baba yako anaubeba na wewe unatakiwa kuulipa kwa mabao.

Maana baba yako anaendesha lori usiku. Klabu zile zinatoza maelfu ya dola kwa msimu, kabla hujahesabu hoteli za Chicago na Detroit, kabla ya viatu vya barafu ambavyo vile vya juu hukaribia au hupita dola 1,000, na magongo ya kaboni ambayo moja huzidi dola 300 na huvunjika kwa pigo moja. Ukicheza chini ya mzigo huo utaogopa kukosea. Mchezaji anayeogopa kukosea hapitishi kisahani katikati ya watu wawili. Anakitupa mbele na kukimbilia benchi.

Sisi Minnesota tumebahatika kuwa na utaratibu mwingine, na sijui kama wewe uliyezaliwa ndani yake unauona. Hapa mtoto huchezea chama cha mahali anapoishi au anaposoma. Wazazi ndio wanaokiendesha: huyu anashika saa, huyu anaandika mabao, huyu anafungua mlango wa kizuizi cha adhabu, mama yako anauza chokoleti moto kibandani saa 12 asubuhi siku ya Jumamosi akiwa na koti la manjano. Watoto wanakua pamoja tangu miaka 6 hadi wanavaa jezi ya sekondari, na wakibahatika wanafika kwenye mashindano ya jimbo kule Saint Paul, yanayochezwa kila mwaka tangu 1945. Wasichana nao walianza mashindano yao ya jimbo mwaka 1995, na Minnesota ilikuwa ya kwanza nchini kuwapa. Uwanja wa timu ya kulipwa ya Minnesota Wild hujaa watu kutazama watoto wa sekondari. Hakuna mchezaji anayelipwa hata senti. Watu wanakuja kwa sababu wale ni watoto wao.

Ukija Desemba nitakupeleka Eveleth. Ni mwendo wa saa moja hivi kutoka hapa, kwenye migodi ya chuma. Mji mdogo, watu elfu tatu na kitu. Waliujaza wachimba migodi waliotoka Finland, Slovenia, Kroatia, Italia. Watu waliofika bila Kiingereza, wenye majina yasiyotamkika, kama sisi tulivyofika na majina yetu. Watoto wao wakajifunza hoki, wakawashinda watoto wa jiji. Eveleth ilichukua ubingwa wa kwanza wa jimbo mwaka ule wa 1945, kisha ikauchukua miaka 4 mfululizo, 1948 hadi 1951, bila kupoteza mechi hata moja katika miaka yote hiyo. Kipa Frank Brimsek alitoka huko, akaenda Boston na kuwa mmoja wa makipa wakubwa wa zama zake. Lakini ninayetaka umjue ni John Mayasich.

Mayasich alikuwa nyota wa ile miaka 4. Katika mashindano ya jimbo ya 1951 peke yake alifunga mabao 15, na katika mechi moja alifunga 7. Akaenda Chuo Kikuu cha Minnesota, akafunga 144, rekodi ya chuo hicho. Akapata fedha ya Olimpiki mwaka 1956 na dhahabu mwaka 1960, katika timu ile ile iliyomwacha Brooks nyumbani. Na hakucheza NHL, ligi kuu ya kulipwa, hata mechi moja. Enzi hizo ligi ile ilikuwa na timu 6 tu, zilizojaa Wakanada, na mtoto wa chuo wa Kimarekani hakuwa na mlango wa kupitia. Akachezea timu za ridhaa, akawa mchezaji na kocha wa Green Bay Bobcats, akafanya kazi kama watu wengine. Waulize wazee wa huku nani mchezaji bora aliyewahi kutoka Minnesota, wengi watakutajia yeye. Ninapowaza uzuri wa mchezo huu ni yeye ninayemwaza, kabla ya mamilionea wa televisheni.

Sasa mambo ya mwaka huu wenyewe, maana kuna jambo jipya linalokungoja ambalo ni kubwa kuliko herufi ya timu yako.

Umeingia umri wa vikumbo. Mpaka mwaka jana kumgonga mpinzani kwa mwili kulikuwa marufuku kwenu. USA Hockey, shirikisho la hoki la nchi hii, ilikiondoa kikumbo kwa watoto wa chini ya miaka 13 mwaka 2011, na mimi nasema walifanya jambo la akili. Kuanzia msimu huu kinaruhusiwa. Utakutana na mtoto wa miaka 14 aliyeanza kuota misuli, kilo 80, na wewe bado mwepesi. Hii ni sababu nyingine kwa nini B1 si adhabu: utajifunza kupokea na kutoa kikumbo kwa mwendo unaoumudu. Nisikilize vizuri. Ukifuata kisahani ukutani usiingie ukiwa umenyooka kama mshale, ingia kwa pembe, tazama begani kabla hujafika, na kichwa kiwe juu. Ukiona utagonga ukuta, usiinamishe kichwa kamwe. Na ukimwona mwenzako amekupa mgongo, akiwa karibu na ukuta, muache. Muache hata kama mabao ni sawa na zimebaki sekunde 10. Desemba 30, 2011, mchezaji wa sekondari wa huku kwetu, Jack Jablonski, alisukumwa kwa nyuma akagonga ukuta, akapooza akiwa na miaka 16. Wiki chache baadaye chama cha michezo ya shule cha jimbo kilipandisha adhabu ya kumgonga mtu kwa nyuma kuwa dakika 5 zisizopunguzwa. Kanuni ni nzuri, ila refa hupiga filimbi baada ya tukio. Anayeweza kulizuia ni wewe.

Na kinga ya shingo uivae bila kubishana na mama yako. Mwaka 2023 Adam Johnson, kijana wa Hibbing aliyechezea UMD hapa hapa nilipo, alifariki Uingereza baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha barafu katikati ya mechi. Mji huu ulilia. Tangu Agosti 1, 2024 kinga hiyo ni lazima kwa wachezaji wote wa timu za watoto na vijana. Najua inawasha. Ivae.

Kuna jambo jingine ambalo mama yako hakuliongea lakini nimelisikia katika sauti yake. Wewe ni mmoja wa watoto weusi wachache katika chama chenu, na ukishushwa ngazi unajiuliza kama ni mchezo wako au ni sura yako. Swali hilo si la kipumbavu, na usimruhusu mtu akucheke kwa kuliuliza. Njia ya kulijibu ni kwenda kwa mkurugenzi wa makocha, wewe na baba yako, kwa heshima, na kuuliza: nilipungukiwa na nini, na nifanyie kazi nini? Anayefanya kazi yake sawasawa atakuwa na jibu lenye maneno ya mchezo: kugeuka kushoto, kurudi nyuma kulinda, pasi ya kwanza. Asipokuwa na jibu la namna hiyo, nipigie simu nami nitakuja. Na likitokea la wazi, mpinzani akakuita jina la ubaguzi, usirushe ngumi. Nenda kwa refa. Kanuni za USA Hockey zinamtaka amtoe mchezaji wa namna hiyo kwenye mechi, na kocha wako ana wajibu wa kusimama nawe.

Lakini usikae ukidhani kwamba umeingia nyumba ya watu. Willie O'Ree, Mkanada mweusi, aliingia NHL na Boston Januari 18, 1958, akiwa haoni kwa jicho la kulia, siri aliyoificha miaka yote aliyocheza. Kule Washington, D.C., Neal Henderson alianzisha mwaka 1978 klabu ya Fort Dupont kwa watoto wa mitaa ya weusi, akaikokota kwa miongo mingi, wazazi wakilipa kidogo au wasilipe kabisa. Mwaka 2019 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki wa Marekani, mtu mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Ukumbi wenyewe uko Eveleth. Nitakuonyesha. Hata nyumbani, Nairobi, uwanja wa barafu ulifunguliwa ndani ya hoteli ya Panari mwaka 2005, vijana wakaunda Ice Lions, wakacheza kwenye barafu ndogo kuliko yenu kwa magongo ya kuazimana, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la hoki la dunia. Wale hawakuwa na AA wala B.

Kuhusu kuboresha mchezo wako, sikiliza ushauri wa mtu ambaye humwaga maji uwanjani kwa mpira wa bustani saa 5 za usiku. Barafu ya nje haigandishwi kwa siku moja. Ardhi inangojwa igande kwanza, kisha unamwaga tabaka jembamba, unalala, unarudi, unamwaga jingine, kama mtu anayekandika nyumba ya udongo. Anayemwaga maji mengi kwa pupa hupata barafu yenye ganda juu na utupu chini, nayo huvunjika kwa mtoto wa kwanza anayepita. Mwisho wa Desemba, baridi ikikubali, bustani ya mtaani kwenu itakuwa na barafu, taa, na kile chumba cha kuotea moto chenye benchi zilizokatwakatwa na viatu. (Baridi siku hizi haikubali kila mwaka. Msimu wa 2023 hadi 2024 ulikuwa na joto hivi kwamba viwanja vingi vya nje havikudumu. Ukiiona barafu, itumie siku hiyo hiyo.)

Nenda huko bila kocha. Utakuta watoto wa miaka 9, vijana wa sekondari, baba mmoja mwenye kitambi, wote kwenye barafu moja, viatu viwili vikiwa lango. Hakuna ubao wa mabao. Utajaribu jambo ambalo kwenye mechi ungeogopa kulijaribu, litashindikana, hakuna atakayepiga kelele, utalijaribu tena. USA Hockey yenyewe mwaka 2009 ilianzisha mpango mpya wa kuwafundisha watoto, na kiini chake ni hicho: uwanja mdogo, watoto wengi, kisahani kiguswe mara nyingi, mechi rasmi zipungue na mazoezi yaongezeke. Walichokiandika kwenye vitabu watoto wa miji ya Roseau na Warroad walikuwa wakikifanya mtoni miaka mingi kabla. Warroad haina hata watu 2,000, na imetoa wachezaji wa Olimpiki wa dhahabu ya 1960 na ya 1980 kutoka familia moja, Bill na Roger Christian, kisha Dave mtoto wa Bill.

Na kwenye B1 utacheza. Kwenye AA ungekuwa mstari wa tatu, unaingia kwa sekunde 40 na kurudi kukaa, huku wengine wakipewa nafasi mpinzani anapopungukiwa mtu. B1 watakuhitaji dakika zote ngumu. Nimeona watoto wengi wakipevuka hivyo.

Ukiniuliza mwisho wake ni nini, nitakuambia ninachokiona hapa Duluth. Naona St. Scholastica, chuo cha daraja la tatu, vijana wanacheza Ijumaa na Jumamosi mbele ya watu mia kadhaa, na Jumatatu wako maabara ya uuguzi. Naona timu za klabu za vyuo chini ya chama chao cha ACHA, ambako wachezaji wenyewe huchanga pesa za basi na barafu. Naona wenzangu wa kazini hospitalini, daktari wa usingizi na fundi wa mashine za eksirei na mama wa watoto wanne, wakitoka zamu na kwenda kucheza ligi ya watu wazima saa 4 usiku kwa sababu hiyo ndiyo saa barafu inapopatikana kwa bei nafuu. Hakuna aliyewahi kuwauliza walikuwa timu gani wakiwa na miaka 13. Hao ndio wengi wa wachezaji wa nchi hii, na ningependa sana uwe mmoja wao ukiwa na miaka 50, magoti yakiruhusu.

Basi mwanangu, fanya haya. Jumanne nenda mazoezini, ufike mapema, umsalimie kocha wa B1 kwa mkono na umwambie umekuja kufanya kazi. Yule rafiki yako aliyepanda AA mpongeze, umaanishe. Muombe mama yako radhi kwa zile siku za kumfungia mlango. Yeye ndiye aliyejifunza kufunga kamba za viatu vyako kwa vidole vilivyoganda kabla hajajua hata kanuni moja ya mchezo. Na leo usiku, kabla baba yako hajaondoka na lori, mwambie asitie saini fomu ya ile klabu.

Mjomba wako anayekupenda